Sahani ya Tatu

Malvern, Johannesburg
Jumamosi, baada ya alasiri

Zaina mwanangu,

Umekwenda Hillbrow kuwaaga wenzako na umeniahidi utarudi kabla ya magharibi. Ninakujua, kwa hiyo nina muda mpaka isha. Nimefunika cherehani, nimesogeza vitambaa vya watu pembeni, na nimeketi kukuandikia kwa Kiswahili. Najua utanung'unika kwamba kwa Kiingereza ungemaliza haraka. Sitaki umalize haraka.

Habari za soksi sitaziandika. Za soksi, za dawa ya kifua, za kunipigia simu ukifika, nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu Kizulu ukidhani sielewi. Ninaelewa, kwa taarifa yako. Nimeishi mji huu tangu kabla wewe hujazaliwa.

Ninachotaka kukuandikia ni kosa langu. Nililifanya nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, sikumwambia baba yako, sikumwambia mtu yeyote, na ningekufa nalo kimya kama usingechagua kazi hii uliyoichagua.

Unakumbuka siku uliponisomea andiko la utafiti wako? Ilikuwa Ramadhani, nami nilikuwa nashona mashati ya Idi ya wateja wa Mayfair. Ulisema utakaa mwaka na nusu katika bonde la Watibeti, juu kuliko mlima wowote niliowahi kuuona, ukiangalia wanavyolima shayiri. Ulisema hawaanzi kulima mpaka mtawa atazame kalenda yake na kutaja siku. Kabla jembe halijagusa ardhi wanachoma matawi ya mreteni ili moshi wake wenye harufu upande juu, wakimwomba ruhusa mwenye ardhi, ambaye si mtu. Penye chemchemi hawachimbi kabisa, kwa sababu ndani ya maji na udongo wanakaa hao wanaowaita lu, na lu akisumbuliwa watu wanatokwa na vidonda na mvua inapotea. Wewe ulitaka kujua kama sehemu hizo zisizoguswa ndizo zinazolinda maji ya bonde zima, sasa ambapo barafu ya mlimani inapungua kila mwaka.

Nilikusikiliza nikijivuna, mtoto wa fundi cherehani anaongea mambo kama hayo. Halafu ukasoma kwamba ruhusa ya kuingia sehemu hizo itaombwa kupitia mfasiri wa kijijini, na sindano ikanivunjikia kwenye kola ya mtu.

"Eish, Mama! Umejichoma?"

Nikakuambia hapana, kitambaa kigumu. Kilikuwa poplini, Zaina. Poplini haijawahi kuvunja sindano.

Mfasiri wa kijijini nilikuwa mimi.

Unajua kwamba nililelewa na shangazi Mwanahawa, kule Usambara, vijiji vya juu ya Lushoto. Nimekusimulia mahindi yake na ukali wake. Sijakusimulia kwamba alikuwa mtunzaji wa msitu. Ulikuwa msitu mdogo, hauzidi uwanja wa mpira, juu ya mashamba ya maharage. Udongo wetu wote ulikuwa mwekundu, ila wa mle ndani ulikuwa mweusi, na kijito chetu kilianzia humo. Hakuna aliyekata hata fimbo. Shangazi alisali sala tano na kufunga Ramadhani yake yote, na mvua ikichelewa alikwenda kukaa kwenye jiwe lililoko ukingoni mwa msitu. Sikuwahi kumuuliza anayapatanishaje hayo mawili, na leo ningetoa chochote niweze kumuuliza.

Mtafiti alikuja mwaka niliomaliza kidato cha nne. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, aliyeinama kwenye kila mlango, hata ule usiomhitaji kuinama. Alitaka udongo na majani ya mle ndani alinganishe na ya mashambani, na kwa Kiingereza changu cha shule nikawa mdomo wake na masikio yake. Nilijitapa njia nzima. Nilimwambia mwenye msitu ni shangazi yangu, na kwangu mimi hakatai.

Desturi ilikuwa hivi. Mwombaji anaketi kando ya jiwe pamoja na mtunzaji. Mtunzaji anaitazama miti na kusema kwa sauti ni nani amekuja na anataka nini. Kisha wote wananyamaza. Baada ya hapo ama mtunzaji anainuka na kutangulia ndani, ama hainuki. Hakuna neno linalosemwa. Asipoinuka mnarudi nyumbani, hamuulizi sababu, na mnajaribu siku nyingine. Kuna watu waliorudi mara saba.

Tuliketi. Jua lilitoka magotini kwangu likafika kwenye vidole vya miguu. Shangazi hakuinuka. Mtafiti akatazama saa yake, akatazama mawingu, akanitazama mimi.

"Anasema nini?" akaninong'oneza.

Ningeweza kumwambia kwamba hajasema kitu, turudi kesho. Angekubali, maana alikuwa mtu wa subira kuliko mimi. Hakunitisha, hakunishawishi. Niliona aibu tu, kwa sababu nilikuwa nimejitapa.

Nikamjibu, "Anasema tupite."

Shangazi hakujua Kiingereza, lakini alituona tukiinuka. Alinitazama mimi, si mtafiti. Hakunyoosha hata mkono kunizuia.

Ndani mlikuwa na baridi na hapakuwa na ndege. Mtafiti alitangulia, mimi nikafuata na mikebe ya kutilia udongo. Tulikuwa tukikanyaga majani makavu, unaijua sauti yake, na kila tulipokuwa tukisimama, nyuma yangu hatua moja ilikuwa ikimalizikia baada ya zetu. Moja tu, nyepesi, ya mtu anayejali asikukanyage visigino. Mwanzoni nilidhani ni mwangwi. Nikasimama ghafla kwa makusudi, mtafiti akiwa ameshapiga magoti anachimba kwa furaha yake, na bado niliisikia. Niligeuka. Ilikuwa miti. Sikugeuka tena mpaka tulipotoka.

Shangazi alikuwa bado pale kwenye jiwe. Alimtazama mtafiti, akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma ya bega langu, chini kidogo, kama unavyomtazama mtoto wa mwenzako aliyejificha kwenye kanga ya mama yake.

"Mmetoka watatu," akasema.

"Anasema nini?" mtafiti akauliza.

"Anasema karibuni chakula."

Ndiyo, wa pili huo. Uongo ukishapata mlango haupigi hodi.

Na kweli alitupakulia. Aliweka sahani tatu mkekani, yeye mwenyewe akala jikoni kama ilivyokuwa kawaida yake palipokuwa na mgeni mwanamume. Mtafiti akauliza sahani ya tatu ni ya nani, nikamwambia jirani anachelewa. Tulikula, tukashukuru. Ile sahani haikuguswa, nami nikaanza kupumua. Lakini nilipochukua bakuli la maji ya kunawia ili nikamwage, chini kabisa palikuwa na udongo mweusi. Nilijiambia ni wa mikono yetu. Tulikuwa tumekwishaoga wote wawili, Zaina, nilimchotea maji mimi mwenyewe.

Asubuhi mtafiti aliondoka na mikebe yake, akinishukuru kwa kazi nzuri. Nikamfuata shangazi shambani, nikamuuliza yule wa tatu ni nani.

"Muulize mwenyewe," akasema, huku akipalilia. "Wewe ndiye uliyesema njia iko wazi."

Sikumuuliza. Shangazi aliendelea kuweka sahani ya ziada kila mlo, bila hasira, nami nikawa sili nyumbani. Mwaka ule ule nikashuka Tanga, nikaolewa na baba yako, tukaja Johannesburg kwa mabasi. Nilidhani hakuna kitu kitakachovuka mipaka mitatu bila pasipoti.

Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa ameshahamia Durban na mambo yake, tukabaki wewe na mimi katika chumba kile cha kwanza, nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani. Nilikutuma uweke sahani mezani na ukaweka tatu. Nikakuambia tuko wawili.

"Na yeye, Mama?"

Nikakuzaba kofi. Sikuwahi kukupiga kabla ya siku hiyo wala baadaye, na wewe hukulia, ulinitazama tu kwa mshangao. Ukarudisha sahani kabatini. Tangu hapo uliweka mbili, lakini kila mara ulisogeza kiti chako pembeni kidogo, ukaacha nafasi upande wa dirishani. Umeketi hivyo mpaka leo. Wenzako wanakucheka unavyobanana ukingoni mwa meza wakati meza yote iko tupu, nami ninacheka nao. Nisamehe lile kofi. Nilimpiga mtoto kwa sababu aliona nilichokuwa ninakificha, na bado mkono unaniwasha.

Mara moja tu mtu mwingine alisema kitu. Mama Furaha, yule msusi wa Bukavu mwenye duka barabara ya Jules, alileta kitenge chake nimshonee, akakaa akinisimulia ya kanisani kwao, halafu akakatiza.

"Mama Zaina, ule mutu anasimama kwa mulango tangu niingie. Umupatie kiti basi, ni mugeni."

Niligeuka. Mlangoni lilikuwa gauni la bibi harusi nililolitundika.

"Ah, kumbe ni robe," akasema, akacheka hadi machozi. Nami nikacheka. Jioni nilipolishusha lile gauni pindo lilikuwa na udongo. Nilijiambia ni vumbi la mtaani, nikalifua. Maji yalitoka meusi.

Umeniona nikisoma dua mlangoni kila usiku ukadhani ninaogopa wezi. Wezi pia ninawaogopa, tunaishi Malvern. Lakini nilikuwa ninamfukuza mtu ambaye sikuwahi hata kumsalimia.

Shangazi alipokuwa anafariki sikwenda. Nilisingizia hati zangu za kusafiria. Binamu yangu alinipigia simu baada ya mazishi akanipa maneno aliyoachiwa. "Mwambieni kwamba huyo mgeni wake haumi. Alisikia mtu anasema njia iko wazi, akaamini, akatoka. Sasa hajui pa kurudia, na aliyemtoa hataki kumtazama." Binamu alidhani ni wazimu wa homa. Mimi nilikata simu nikakaa chini ya meza hii ninayoandikia. Miaka yote nilimwogopa kumbe naye ni mtu aliyepotezwa, na aliyempoteza ni mimi.

Hata hivyo sikufanya kitu. Hilo ndilo ninaloona haya kuliko lote. Kujua nilijua, ila nilizoea. Mtu anaweza kuzoea chochote kikiwa kimya vya kutosha.

Halafu ikaja Jumapili iliyopita. Ulikuwa unajaribu viatu vyako vipya vya mlimani ukumbini, unakwenda na kurudi kama askari, unanicheka kwa nini natazama. Ukasimama. Nyuma yako, hatua moja ikamalizikia.

Wewe hukusikia, ulikuwa unafunga kamba. Mimi niliijua kama ninavyoijua sauti yako. Ukaja jikoni ukaweka sahani za chakula cha mchana, ukaweka tatu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile kofi. Ulipoziona ukacheka. "Eish, Mama, akili yangu imeshapanda ndege." Ukairudisha moja kabatini ukaendelea na habari za viza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anataka kwenda na wewe. Simlaumu. Amesikia kama nilivyosikia mimi: kuna mahali ardhi ina mwenyewe, moshi unachomwa kabla ya jembe, na watu wanaombwa kukaa na kungoja. Huenda anadhani huko ndiko nyumbani. Lakini si kwake, mwanangu. Kwake ni juu ya mashamba ya maharage, na wewe hukumtoa, wewe ulimwekea sahani tu.

Nimejiuliza pia kama ni yeye aliyekuingiza katika kazi hii. Ulipoacha uhasibu ukasema unataka kusoma mambo ya udongo na imani za watu, nilikuuliza umeyatoa wapi, ukasema hujui, umeyapenda tu. Unaweza kuwa umeyapenda tu. Una akili zako, na sipendi kumpa mwingine sifa ya kichwa nilichokilipia kwa kushona.

Basi kuhusu huyo mfasiri wako. Atakuwa kijana mwenye akili, anayetaka kukupendeza. Labda atakuwa amejitapa. Mfanye asikuonee haya. Siku ya kwanza kabla hamjakwenda popote, mwambie kwamba wewe ukirudi mikono mitupu huna hasara, na umwambie tena siku ya pili, maana ya kwanza hataamini. Mtafiti wangu hakuniambia hilo. Hakuwa na ubaya, hakujua tu kwamba mdomo alioukodi ulikuwa wa msichana anayeogopa kuchekwa. Na usimtazame mfasiri peke yake. Mtazame mwenye ardhi, hata kama huelewi neno lake. Mimi mtafiti alinitazama mimi. Angemtazama shangazi kwa muda wa kumeza mate, angejua.

Mengine unayajua kuliko mimi.

Sasa nikuambie ya mbele. Mwezi ujao, nikimaliza kazi za harusi, nitapanda basi kwenda nyumbani. Binamu anasema msitu bado upo, umebaki nusu, jiwe lipo. Nitaketi pale na kusema kwa sauti, kwa Kishambaa, jina langu na nililolifanya. Shangazi hayupo wa kuinuka, kwa hiyo sijui nitajuaje nimejibiwa. Nitakaa hivyo hivyo. Nikirudishwa mara saba, nitakwenda mara ya nane, na kazi za watu zitangoja.

Lakini kabla ya hapo kuna mlango wetu huu. Kesho asubuhi utakuta sahani tatu mezani. Usicheke na usiirudishe kabatini, maana ya tatu nimeiweka mimi. Ni mara yangu ya kwanza. Nitaiweka upande wa dirishani, na wewe utaketi katikati ya upande wako kama mtu mwenye nyumba, ujinyooshe. Nitamkaribisha kwa mdomo wangu, nitamwambia kwamba njia haikuwa wazi, kwamba nilidanganya, kwamba aliyemtoa ni mimi na atakayemrudisha ni mimi. Utanisikia nikiongea na kiti. Mwache mama yako aongee na kiti.

Kisha utanibusu, utachukua mizigo yako, na sitakusindikiza hadi uwanja wa ndege kama tulivyopanga. Teksi itakungoja chini. Nitabaki nimeketi, kwa sababu mgeni haachwi mezani peke yake. Utaniudhikia kidogo. Vumilia.

Ukifika kwenye ngazi, pale ghorofa ya kwanza ambapo taa haiwaki, simama ghafla na usikilize. Ukisikia hatua inamalizikia nyuma yako, panda urudi, ndege iende bila wewe, tutaketi wote mpaka tuelewane. Usipoisikia, ujue umesimama peke yako kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe. Utaona baridi kidogo mgongoni. Ni nafasi tu, mwanangu, itazoeleka. Shuka.

Mama yako,
ambaye chai ya mgeni ataimimina mwenyewe